Kumhudumia mgonjwa wa kiharusi nyumbani kwake

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa hospitali hurudi nyumbani na mfuko wa dawa, tarehe ya kliniki na upande mmoja wa mwili usiomtii. Mhudumu anayemtembelea, awe mhudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) anayesimamiwa na zahanati au msaidizi anayelipwa na familia, atakaa naye saa moja au mbili tu. Saa zilizobaki mgonjwa yuko mikononi mwa mke, binti, mjukuu au dada wa kazi. Ndiyo maana kila jambo hapa chini tunalieleza kwa msimamo mmoja: lifanye mbele ya mtu wa nyumbani, kwa vitu vilivyomo nyumbani humo, kisha umwache yeye alirudie ukimtazama. Kazi ambayo ni wewe tu unayeiweza itakufa ukitoka mlangoni.

Siku ya kwanza

Siku ya kwanza usiguse kitu haraka. Msalimie mgonjwa kabla ya wenye nyumba wengine, hata kama hasemi. Wengi waliopoteza kauli wanasikia na kuelewa, na hakuna kinachowavunja moyo kama kuzungumziwa juu ya vichwa vyao. Mwite kama anavyoitwa hapo, Mzee, Bibi, Mama fulani, na mpe shikamoo yake ikiwa ni mkubwa kwako. Kubalianeni ishara: kubana mkono wako kwa mkono wake mzima mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kisha uliza swali moja kwa wakati, lenye jibu la ndiyo au hapana, na umpe muda. Sekunde kumi za kusubiri ni kawaida kwake.

Kwa familia, uliza mambo matatu: nani anashinda naye mchana, nani analala naye chumba kimoja, na nani hutoa uamuzi wa kumpeleka hospitali. Mara nyingi huyu wa tatu hayupo nyumbani, yuko mji mwingine, na namba yake ya simu lazima iwe kwenye daftari kabla ya siku ya dharura. Uliza pia nani anaruhusiwa kumwogesha. Nyumba nyingi, za pwani hasa, hazitakubali mwanamke mtu mzima aogeshwe na kijana wa kiume, na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kukataa. Jambo hilo lisubiri mtu anayefaa, lisilazimishwe.

Soma karatasi ya kuruhusiwa na kila chupa na pakiti ya dawa. Tazama kitanda kina kimo gani, choo kiko umbali gani, mlango unapitisha kiti cha magurudumu au hapana. Hayo ndiyo yatakayoamua mpango wako.

Mikono, glavu na jiki

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, ukifika na kabla ya kuondoka, na kila unapovua glavu. Glavu ni za kinyesi, mkojo, damu, vidonda na kinywa. Kumshika mkono mgonjwa au kumvisha shati safi hazihitajiki, na ukizivaa wakati wote utamfanya ajione najisi. Usitoke na glavu zilezile kwenye pampasi ukaenda mdomoni.

Damu au kinyesi kilichomwagika sakafuni futa kwanza kwa kitambaa cha kutupa, kisha mwaga jiki iliyochanganywa: sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Iache dakika 10 kabla ya kufuta. Soma kibandiko, kwa kuwa jiki kali zaidi huhitaji maji mengi zaidi. Changanya kila siku upya, maana mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu, na usiuchanganye kamwe na sabuni ya chooni yenye asidi. Hutoa hewa yenye sumu.

Ukijichoma na sindano ya kupimia sukari, osha hapohapo kwa sabuni na maji, usikamue, na nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU hazina maana zikianza baada ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa.

Kumgeuza

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanaponea au wanapoharibikia. Mtu asiyeweza kujigeuza hubanwa ngozi kati ya mfupa na godoro; damu haipiti, na nyama iliyokosa damu kwa saa chache huanza kufa. Kidonda hicho mara nyingi huanzia ndani karibu na mfupa, kwa hiyo kinapotokeza juu kikiwa kidogo, chini yake tayari ni kikubwa. Kukiponya huchukua miezi. Kukizuia kunahitaji mito na saa.

Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana. Andika ratiba kwa kalamu nene na uibandike ukutani: saa 12 asubuhi mgongo, saa 2 upande mzima, saa 4 upande uliopooza, saa 5 mgongo, na kuendelea. Upande uliopooza mpe muda mfupi zaidi, saa moja inatosha, na hakikisha bega la chini limevutwa mbele kidogo ili asilalie juu yake. Usiku familia huchoka, na kusema kweli ratiba ya saa mbili usiku kucha haidumu wiki. Jaribuni saa tatu, kisha kagueni ngozi asubuhi. Alama ikiwa bado ipo nusu saa baada ya kumgeuza, muda ule ni mrefu mno kwake. Rudini kwenye saa mbili na mgawane zamu.

Akilala ubavu asisimame wima juu ya nyonga. Mwegemeze nyuzi 30 tu: kunja mto au blanketi, usukume nyuma ya mgongo toka begani hadi kiunoni, ili uzito ukae kwenye nyama ya kalio badala ya mfupa wa nyonga. Mto mwingine uwe kati ya magoti. Akilala chali, weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa godoro. Pitisha karatasi chini ya kisigino. Ikipita bila kukwama, umeweka sawa. Kisigino husahauliwa kuliko sehemu zote.

Kumsogeza juu kitandani hakufanywi kwa kumvuta makwapa. Ngozi hubaki imeshikwa na shuka huku mfupa ukienda, na hapo huchanika kwa ndani. Kunja kitenge mara mbili, kilale chini yake toka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, mkunje kingo karibu na mwili wake, mpinde magoti, mhesabu pamoja, mnyanyue na kumpeleka. Kitenge kibaki hapo bila mikunjo. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya nyuzi 30 nje ya wakati wa kula, maana akiteleza kuelekea miguuni, mkiani, yaani mwisho wa uti wa mgongo, panasagika.

Kagua ngozi mara mbili kwa siku, kwa mwanga wa dirishani au tochi: mkiani, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, mabegani, kisogoni, nyuma ya masikio. Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na anayesubiri kuuona atachelewa. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko jirani yake, kisha gusa kwa mgongo wa kiganja: je, ni ya moto au ya baridi kuliko pembeni, ngumu au inabonyea kama embe lililoiva, mgonjwa anashtuka? Lolote kati ya hayo ni kidonda kinachoanza. Mwondoe uzito hapo kabisa na umpe taarifa muuguzi siku hiyo.

Makosa yanayorudiwa karibu kila nyumba ni haya. Kusugua sehemu iliyobadilika rangi kwa spiriti au mafuta: huvunja mishipa midogo iliyobaki. Kumkalisha juu ya kata ya nguo au glavu iliyojazwa maji: duara hilo hukaba damu pande zote na katikati hufa. Kumwekea plastiki moja kwa moja chini ya makalio: jasho hulainisha ngozi. Mpira wa kutandika ukae chini ya shuka la pamba. Kidonda kikishafunguka usipake asali ya dukani, unga wa kapsuli wala majani. Safisha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, funika kwa gozi safi (kitambaa laini cha kufungia vidonda), na mlete muuguzi.

Bega, mkono na kukaa

Mkono uliopooza huning'inia na uzito wake huvuta bega litoke pangoni. Usimnyanyue kwa mkono huo hata mara moja, na wafundishe wajukuu wasimvute kwa kumsaidia. Akikaa, mkono ulale juu ya mto mapajani, vidole vimefunguliwa.

Kumvisha kuna kanuni fupi: mkono uliopooza huingia kwanza na hutoka mwisho. Shati pana linalofunguka mbele au dera huokoa nusu ya shida.

Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti, weka kiti upande wake mzima, sambamba na kitanda, breki zimefungwa. Kama ni kiti cha kawaida kiegemee ukuta. Mgeuze ubavu, shusha miguu, na mwinue akae ukingoni. Mwache akae dakika mbili. Hii haina mjadala: presha hushuka ghafla mtu akiinuka baada ya kulala muda mrefu, na akizimia mkiwa mmesimama mtaanguka wote. Nyayo zake zikanyage sakafu, bila soksi. Simama mbele yake, goti lako likizuie goti lake dhaifu lisikunjike, mikono yako ishike mkanda wake au kitenge ulichomfunga kiunoni. Ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo mnyanyuke, mgeuke taratibu na kuketi. Akining'inia shingoni kwako umefanya vibaya, na mgongo wako ndio utakaolipa. Mtu mzito asiyekanyaga kabisa huhamishwa na watu wawili. Ukiwa peke yako, acha.

Mazoezi ya viungo fanya mara mbili kwa siku, kila kiungo mara 5 hadi 10, polepole, ukiishia pale anapokunja uso. Bega usilipeleke juu ya usawa wa kifua mpaka mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe.

Kumlisha

Kiharusi hudhoofisha misuli ya kumezea. Chakula kikienda mapafuni badala ya tumboni, mgonjwa hupata nimonia, na wengi hufa kwa hilo wakati familia inaamini wanakufa kwa kiharusi chenyewe. Wapo wanaopaliwa kimyakimya bila hata kukohoa. Kwa hiyo sikiliza sauti yake baada ya kumeza: ikiwa ya majimaji, kama anayeongea na mate kooni, acha kumlisha. Dalili nyingine ni udenda, chakula kubaki shavuni, macho kutoa machozi wakati wa kula, na homa zinazojirudia.

Kabla ya kijiko cha kwanza awe macho kabisa. Aliyesinzia halishwi, hata kama saa ya kula imepita na binti yake analia. Mkalishe wima, mito pande zote, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Keti usawa wa macho yake; ukimlisha ukiwa umesimama atainua kichwa, na njia ya hewa itafunguka. Tumia kijiko cha chai, nusu, na uweke upande mzima wa ulimi. Subiri kikoromeo cha shingoni kipande na kushuka, ndipo kijiko kingine. Katikati ya mlo kagua shavu la upande uliopooza. Chakula hujificha huko. Zima redio na msimwongeleshe akiwa na kitu mdomoni. Mlo mmoja huchukua dakika 30 hadi 45. Akimaliza abaki wima nusu saa.

Maji matupu ndiyo magumu kuliko vyote kwa anayepaliwa, kwa kuwa hukimbia. Uji mzito unaoanguka kijikoni kwa donge, mtori, parachichi au viazi vilivyopondwa laini vinamezeka vizuri. Wali mkavu, karanga, ugali mgumu na supu yenye vipande huleta matatizo. Mchanganyiko wa majimaji na vipande huchanganya koo. Chupa ya mtoto na kumwinamisha kichwa nyuma ili kumwagia ni hatari. Kama anapaliwa kwa kila kitu, usimlazimishe: kituo cha afya waamue kama anahitaji mpira wa kulishia, na mpira huo usipitishe kitu mpaka ufundishwe na muuguzi.

Kiasi cha kunywa kwa siku ni kama lita moja na nusu, yaani vikombe sita vya robo lita, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Wengine hukataa kunywa kwa kuogopa kusumbua watu na mkojo. Mwambie waziwazi kwamba hilo si usumbufu.

Usafi, mkojo na choo

Andaa kila kitu kabla ya kumvua: mabeseni mawili, sabuni, vitambaa vitatu, taulo, nguo safi. Funga mlango, pima joto la maji kwa kiwiko chako kwa kuwa upande wake uliopooza huenda hausikii kuungua. Osha macho na uso bila sabuni, kisha mikono, kifua, miguu, mgongo; sehemu za siri mwisho, kwa maji na kitambaa kipya, mwanamke toka mbele kwenda nyuma. Sehemu usiyoiosha ifunike khanga. Kausha kwa kugandamiza taulo, ukimalizia kwapani, chini ya matiti, kinenani na kati ya vidole. Mwislamu anayetaka kuswali muulize kama anahitaji kusaidiwa udhu au tayamamu. Wengi hutulia sana wakiipata tena sala yao, hata kwa ishara ya macho.

Kinywa safisha mara mbili kwa siku hata kama hali kwa mdomo, kwa kuwa bakteria wa kinywani ndio wanaoteremka mapafuni. Mlaze ubavu, tumia mswaki laini na dawa kidogo sana, futa mabaki kwa kitambaa kilichoviringwa kidoleni.

Mwenye mpira wa mkojo: mfuko uning'inie chini ya kiuno siku zote, usiguse sakafu, usipandishwe kitandani wakati wa kumgeuza, maana mkojo wa zamani hurudi kibofuni. Mwaga ukifika theluthi mbili, kwenye kopo lake maalumu, na upime. Osha mpira unapoingilia kwa sabuni na maji kila siku. Saa nne zikipita bila mkojo, angalia kama mpira umejikunja au ameulalia. Kama haujakunjwa na tumbo la chini limejaa, nenda kituoni sasa hivi. Usiupulize, usiusukume, usiingize maji.

Pampasi ikaguliwe kila anapogeuzwa. Siku tatu bila choo ni taarifa kwa muuguzi. Kinyesi chembamba kinachovuja kidogokidogo baada ya siku hizo si kuhara. Mara nyingi ni choo kigumu kilichoziba, na dawa ya kufunga kuhara itamzidishia.

Dawa na presha

Mhudumu hapangi dawa wala habadilishi dozi. Kazi yako ni kuhakikisha iliyoandikwa inamezwa. Mara mbili kwa siku maana yake saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na wakati wa taarifa ya habari ya usiku ni kumbukumbu nzuri ya nyumba nyingi. Usisage kidonge bila kuuliza. Vingine vimetengenezwa viyeyuke taratibu na kuvisaga humwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja.

Presha pima mkono mzima, baada ya dakika 5 za kupumzika, kibofu kitupu, mkono umeegemea usawa wa moyo, bila kuongea. Ikifika 180/120 rudia baada ya dakika 5. Ikibaki hapo pamoja na kichwa kikali, kifua kuuma, kuhema au kuchanganyikiwa, ni hospitali mara moja. Bila dalili hizo, kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimpe kidonge cha ziada wala kumwekea dawa ya presha chini ya ulimi. Kushuka kwa kasi kunaweza kuinyima damu sehemu ya ubongo iliyobaki.

Kosa lililo kubwa kuliko mengine yote hutokea mwezi wa pili au wa tatu: familia inaona presha ni 130/80, inasema amepona, inaacha dawa. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Waambie hivyo kila ziara, na hesabu vidonge vilivyobaki. Chini ya siku saba, mtu aende kuchukua vingine.

Daftari

Daftari moja la mistari linatosha, lifungwe kwa uzi kwenye kitanda. Kila siku: saa na upande aliolalia, alichokula na kunywa, mkojo, choo, ngozi, presha, dawa. "Amekula vizuri" haimsaidii muuguzi; "vijiko 14 vya uji, mara mbili alikohoa" inamsaidia. Anayeshinda na mgonjwa ndiye aandike, wewe unasoma na kusahihisha. Kurasa zikianza kuwa tupu usigombe. Mara nyingi ni ishara kwamba yule binti amechoka kupita kiasi, na hapo kazi yako ni kuwaita ndugu wengine wapange zamu.

Pesa, simu na kadi ya benki ya mgonjwa usishike, hata ukiombwa.

Dalili za kutosubiri ziara ijayo

Mdomo kwenda upande upya, mkono uliokuwa mzima kulegea, maneno kupotea, kuona kupotea ghafla, degedege, kuhema, homa ya 38.5 au zaidi, kutoamka. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu huenda ni damu iliyoganda, usiuchue. Mgonjwa wa kisukari anayetoka jasho na kuchanganyikiwa, kama anameza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Asiyemeza asipewe kitu mdomoni, mlaze ubavu mkiwa njiani. Kwa kiharusi kipya usimpe aspirini, kwa sababu nyumbani hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Bebeni dawa zote, kadi ya kliniki, kadi ya bima na daftari. Andika juu ya ukurasa wa mwisho saa ambayo mgonjwa alionekana mara ya mwisho akiwa katika hali yake ya kawaida, siyo saa mliyomkuta. Daktari ataiuliza hiyo kwanza: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu kutoka hapo.